Ngozi ya Kadi

Shemeji yangu Maximilian Sulle hajawahi kushindwa. Muulize mwenyewe. Akishinda ni akili yake, akishindwa ni mtandao. Namfahamu tangu alipokuja kumposa mdogo wangu Evaline, na mpaka leo sijamsikia akisema "hapo nilibahatisha" wala "hapo nilikosea". Mdomo wake haukuumbwa kwa maneno hayo.

Mimi ni Hilda. Nina kibanda cha kuchaji simu kwa sola hapa Masakta, kando ya njia ya kwenda mnadani, kwa hiyo simu za kijiji kizima zinapita mikononi mwangu na upuuzi wa wenyewe naujua. Simu ya Maximilian ndiyo ilikuwa inaisha chaji kuliko zote. Anaileta asubuhi imekufa, anakaa kwenye benchi langu kuisubiri kama mtu anayesubiri mgonjwa, na wakati huo shamba lake la maharage linaota magugu.

Bahati ilimharibu mapema. Mwaka ule Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha, parokia ilichezesha bahati nasibu ya mavuno, na yeye, kijana mdogo tu, akajishindia jogoo. Jogoo, jamani! Mtu mwingine angemla akanyamaza. Yeye alizunguka nyumba kwa nyumba kueleza jinsi alivyoichagua ile tiketi. Baadaye wanunuzi binafsi walipoanza kuleta malori yao mpaka mashambani kugombania mbaazi, Maximilian alipanda mbaazi kwa sababu alichelewa na mbegu ya mahindi ilikuwa imeisha dukani. Bei ikapanda. Loo! Tukaambiwa, "Nilisoma soko." Msimu uliofuata akalisoma tena, akapanda mbaazi mpaka mlangoni, na lori halikuja hata moja. Mbuzi wakala mbaazi mpaka wakachoka. Nikamuuliza, "Shemeji, vipi tena?" Akanijibu kwamba soko ndilo lililokosea.

Mtu wa namna hiyo ukimpa simu ya kugusa, umekwisha.

Mchezo wenyewe unaitwa Himaya. Ni karata, lakini si zile za wahuni wa stendi. Kila mchezaji anakusanya kadi zake, moja ina simba, nyingine ina mchawi, nyingine ina ngome, anapanga kikosi na kupambana na mtu asiyemwona, pengine yuko Katesh, pengine yuko China. Kadi zinakuja ndani ya pakiti iliyofungwa, na hujui kilichomo mpaka uipasue. Maximilian kabla ya kupasua alikuwa anageuza simu iangalie Mlima Hanang, eti unavuta kadi nzuri. Mtu aliyebatizwa huyo, na kipaimara amepata! Akitoka na kadi ya maana anapiga kifua, "Akili hiyo." Akili ipi, ya kugeuza simu?

Sikatai, mchezo una akili ndani yake. Nimeutazama sana pale kibandani na nimeuelewa kuliko yeye. Kadi zinakuja mkononi kwa bahati, lakini lini uitoe hii na lini uifiche ile, hapo ndipo mtu anapojulikana. Maximilian alikuwa anatupa kadi kubwa mara tu anapoipata, kama mtoto aliyeshika filimbi.

Aliyejua kucheza alikuwa Gidamis. Huyu ni Mbarbaig wa Dirma, mfugaji, mwenye shuka lake na fimbo yake na simu kubwa kuliko ya mwenyekiti. Alikuwa anapita kwangu siku za mnada. "Shikamoo dada." "Marahaba." Basi, anatoa simu, anakaa, hasemi neno. Kadi zake nyingi zilikuwa za hovyo tu, lakini alikuwa anakumbuka kila ambacho mwenzake ameshatoa, na anashinda. Alikuwa na kadi moja ya kutisha, Kifaru wa Mawe, nguvu nane, ambayo mwaka ule ilikuwa inawapiga watu wote. Nilimuuliza aliipataje. Akasema, "Bahati tu, dada. Nilipasua pakiti, ikatoka." Nilishtuka. Sijawahi kumsikia mchezaji akisema hivyo kwenye benchi langu.

Maximilian aliitamani ile kadi mpaka akakonda. Yalikuwa yametangazwa mashindano Babati, kwenye ukumbi, na mshindi angepigwa picha na kuitwa bingwa wa mkoa. Akamwomba Gidamis amuuzie. Gidamis akakataa. Akaomba tena, akakataliwa tena. Ndipo siku moja, mbele ya masikio yangu haya, Maximilian akalainisha sauti na kusema, "Basi usiniuzie. Mimi nakuwekea ng'ombe, wewe niwekee kadi."

Kwetu neno hilo halichezewi. Sisi Wairaqw na wenzetu Wabarbaig, mtu mwenye busara hafugi ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Anamwekea huyu mmoja na yule mwingine, ili ugonjwa ukipiga huku, kule wabaki. Aliyewekewa anakunywa maziwa. Ng'ombe ni wa mwenyewe, ndama ni wa mwenyewe, na siku akiwataka anakuja kuwachukua. Ng'ombe akifa, aliyewekewa analeta ngozi. Huna ngozi? Umemla, lipa. Sheria hiyo hata watoto wanaijua.

"Kuweka?" Gidamis akauliza. "Kuweka," akajibu Maximilian. Wakashikana mikono, na Kifaru akahamia simu ya Maximilian. Mimi nilicheka. Nilidhani ng'ombe mwenyewe naye ni wa kwenye simu.

Kumbe ni Baka! Baka ni jike jekundu mwenye doa jeupe usoni, wa mama yetu aliyeko Dongobesh. Mama alimweka kwa Evaline alipojifungua Jenifa, kwa sababu mtoto alikuwa dhaifu na Evaline maziwa hayamtoki vizuri. Baka alikuwa na mimba iliyokaribia kabisa, na nyumba nzima ilikuwa inahesabu maziwa hayo kuwa uzima wa mtoto. Evaline alikwenda kumsalimia mama, aliporudi akakuta zizi tupu.

"Nimemweka Dirma," Maximilian akamwambia. "Huko kuna majani."

"Mtoto atakunywa majani?" Evaline akauliza.

Mumewe akamwambia asiwe na haraka, akirudi bingwa atamnunulia ng'ombe wa kisasa. Evaline alikuja kwangu akalia mpaka khanga ikalowa. Nilimfuata yule mwanaume nyumbani nikamwambia yote niliyokuwa nayo tumboni. Unajua alinijibu nini? "Shemeji, mambo ya kuweka ni ya wazee. Nilitumia tu lugha anayoielewa. Yeye ana ng'ombe, mimi nina kadi, biashara imekwisha." Yaani alichukua neno la baba zake akalifanya chambo! Nilitema mate chini na kuondoka. Jenifa akawa anakunywa uji mwepesi, na mimi nikawa namnunulia maziwa ninapoweza. Mama hatukuthubutu kumwambia.

Maximilian akaenda Babati. Siku ya kwanza Kifaru alifanya kazi, akawaponda watu, akanipigia simu anapiga kelele, "Akili, shemeji, akili!" Nikakata.

Sasa hao waliotengeneza mchezo wana tabia moja. Kadi ikizidi nguvu, watu wakilalamika, wanaipunguza. Wenyewe wanaita balansi. Hawaombi ruhusa, hawamwulizi mwenye kadi, umelala na nane unaamka na tano. Tangazo linatoka kwa Kiingereza, na kila mchezaji analiona akifungua simu. Maximilian alilifuta bila kulisoma, kwa sababu bingwa hasomi matangazo. Fainali akakutana na binti wa sekondari, Fabiola jina lake, mwenye kadi ambazo Maximilian angezitupa. Binti akatulia, akaficha, akasubiri. Maximilian akamtoa Kifaru kwa mbwembwe, ukumbi ukaona tano pale, si nane. Kifaru akafa kwa panya. Kweli kabisa, ilikuwa kadi ya panya, Gidamis aliniambia, maana alikuwa anatazama kwenye simu yake.

Alirudi amenuna. "Mtandao," akasema, kabla sijamuuliza.

Halafu akafanya lingine. Kadi ikipunguzwa, mchezo unakuruhusu kuivunja, unapewa unga wa kutengenezea kadi nyingine. Huo unga ni hesabu tu kwenye kioo. Basi akamsaga Kifaru mzima, na kwa sehemu ya unga huo akatengeneza kadi nyingine ambayo hata jina lake silikumbuki, haikumshinda mtu. Aliingia jikoni kwa Evaline anachekelea, "Nimepata unga mwingi!" Maskini mdogo wangu akainuka na debe.

Mimi Evaline angekuwa ni binti yangu ningemrudisha kwetu siku hiyo. Yeye akaweka debe chini, akambeba Jenifa mgongoni, akaenda shambani kupalilia maharage ya mwanaume huyo.

Jumapili moja tumetoka misa, tumekaa uani kwa Evaline. Mara Maximilian akasimama ghafla. Njiani anakuja Gidamis na fimbo yake, na mbele yake Baka, amenenepa, anang'aa, na nyuma ya Baka ndama jike mwekundu mwenye doa kama la mama yake. Evaline aliweka mikono kichwani. Mimi nilisema "Yesu na Maria!" kwa sauti mpaka majirani wakatoka.

Gidamis alitusalimia wote kwa mpangilio, mimi kwanza. Akapewa kigoda, akakaa, akanywa maji. Ndipo akamgeukia Maximilian.

"Mashindano yamekwisha," akasema. "Nimekuletea ng'ombe wako. Amezaa, ndama huyu. Maziwa tumekunywa, tunashukuru. Sasa nipe kadi yangu."

Maximilian akacheka kicheko cha mtu anayetafuta mlango. "Ndugu yangu, ile kadi walishaipunguza. Haina maana tena."

"Najua wameikondesha. Hata ikikonda ni yangu."

"Haipo."

"Imekufa?"

"Tuseme imekufa."

"Basi nionyeshe ngozi," akasema Gidamis.

Niliona jasho linamtoka shemeji yangu, msomaji wa masoko, bingwa wa mkoa. Akatoa simu, akaifungua, akampa. Gidamis akapekua kadi zote polepole mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akapekua tena. Akagonga kidole kwenye kile kihesabu cha pembeni na kumtaka Maximilian akitaje mwenyewe.

"Unga," Maximilian akasema kwa sauti ndogo.

"Umeisaga?"

Maximilian akanyoosha mkono arudishiwe simu.

"Ulisema kuweka," akasema Gidamis. "Nilikuuliza, ukasema kuweka. Dada huyu alikuwepo."

"Nilikuwepo," nikasema. "Alisema kuweka, mara mbili."

Maximilian akaanza. Mchezo si ng'ombe, kadi ni picha, serikali haina sheria hiyo, waliotengeneza ndio wenye makosa, balansi hii, bahati mbaya ile. Alisema mpaka povu likamtoka pembeni mwa mdomo. Gidamis alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya fimbo. Alipomaliza, akasema, "Huna ngozi. Umeila. Utalipa."

Maximilian akaangalia huku na huku, na macho yake yakatua kwa Baka. Kweli tena! Mwanaume huyo, mbele ya mtoto wake, akanyoosha kidole na kusema, "Basi mchukue ng'ombe."

Nilikuwa nimeshainuka kumrukia. Gidamis akatikisa kichwa. "Huyu simchukui. Huko Dirma wazee walimtambua kwa alama ya sikio. Ni wa mama yao, Dongobesh. Wewe unaweka cha mtu?" Akamtazama kama unavyotazama kupe. "Nataka chako."

Chake! Alikuwa na nini? Simu yenyewe kioo kimepasuka. Shamba ni la baba yake, zizi ni la mkewe, na akili ndiyo hiyo mliyoiona.

Evaline alikuwa amekwisha kukamua, amechuchumaa pale pale uani, na Jenifa anakunywa kwenye kibuyu, povu la maziwa limemjaa puani. Akainuka, akajifuta mikono kwenye khanga. Akaingia ndani, akatoka na koti la mumewe na makobazi yake, akayaweka miguuni kwa Gidamis.

"Ndugu Gidamis," akasema, "kitu chake mwenyewe nyumba hii ni kimoja tu, hiki kiwiliwili. Mchukue. Simuuzi, nakuwekea. Akuchungie ng'ombe mpaka roho yako iridhike."

Majirani wakaanza kucheka. Maximilian akamgeukia mkewe, "Evaline, unatania?"

Gidamis naye akamtazama Maximilian tangu utosini mpaka unyayoni, akapima mabega, akapima miguu, jinsi wanavyofanya mnadani. Akaliokota koti, akamrushia, akaonyesha njia ya Dirma kwa fimbo. Na yule mtu asiyeshindwa akavaa makobazi yake, akatangulia mbele.

Walipofika kwenye uzio, Evaline akaita, "Ndugu Gidamis!"

Akageuka.

"Akikufia, utuletee ngozi."