Matundu ya Chini ya Duka la Kanji

Chokaa mbichi hunuka kama mvua ya kwanza ikiangukia jivu. Juzi niliinusa Kilosa mjini, mafundi wakilikarabati lile duka la zamani, na papo hapo nikawa kitoto chenye vumbi magotini, nimekaa barazani kwa Mzee Kanji.

Shule mimi niliionja tu, lakini jengo lile nalijua hadi misumari. Baraza pana, nguzo za mninga, na chini ya bati mbao zilizotobolewa maua kama lesi ya gauni. Lilikaa juu, unapanda ngazi, na kwenye msingi kulikuwa na matundu ambayo mtu angeweza kupita akitambaa. Mto Mkondoa ukifurika, maji yaliingia upande huu yakatokea ule, na magunia juu hayalowi.

Baba yangu alikuwa hamali pale, mgongo umepinda kama mundu. Ulipokuja Ujamaa, Mzee Kanji alinyang'anywa jengo, likawa duka la ushirika, na baba akakabidhiwa funguo. Nilivimba, jamani! Mtaa wetu wote wa Magomeni nilipita nikitamba, "Duka la baba!"

Siku ya kuhama, Mzee Kanji alimwita baba mbele ya watu.

"Salumu, nakuomba kitu kimoja. Yale matundu ya chini usiyazibe."

"Siku hizi ni ndugu Salumu," baba akajibu. "Na nyumba si yako tena. Panda gari."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti, nisikike. Mama peke yake alitazama chini.

Haikupita wiki, baba akayaziba kwa mawe na saruji. Alisema ni kwa sababu ya panya.

Masika yakaja. Maji yakakosa njia, yakajazana ukutani, yakapanda barazani mpaka ndani, kwenye mahindi ya akiba ambayo kila nyumba ilichangia. Mahindi yakavimba, yakaoza. Jirani yetu Bi Zuhura, mjane aliyetoa karibu yote aliyovuna, alikuja mlangoni kwetu na watoto wake, ameshika ungo mtupu.

"Kanji katuachia nyumba yenye mkosi," baba akamwambia.

Neno lile nililibeba hadi kisimani, nikaligawa kama peremende. Mtoto wa mwenye duka husadikiwa.

Sasa juzi, fundi mmoja alikuwa akiyang'oa mawe yale.

"Shikamoo bibi. Hivi nani aliziba hapa?"

"Marahaba. Baba yangu."

Akanionea huruma. "Hakujua, maskini."

Ningemwacha hapo ningeondoka na heshima yangu yote. Lakini Bi Zuhura alizikwa akiamini ule mkosi, na mimi ndiye niliyeuvumisha.

"Alijua," nikamwambia. "Kuliko wote."

Kila masika yeye ndiye aliyeingia mle kwa tumbo, kwenye tope, kutoa takataka ili maji yapite, na Mzee Kanji amesimama juu yake na mwavuli, akimwelekeza, "Mbele, Salumu. Mbele kidogo." Nililiona hilo mara nyingi na sikuona kitu. Baba hakuziba kwa sababu ya panya. Aliziba mahali ambapo hakutaka kutambaa tena, na njaa ikawaangukia wenzake. Jioni zile za masika nilikuwa nikimpaka mafuta kwenye viwiko vilivyochunika, nikidhani ni magunia yaliyomchuna.