Jiko la Kemilembe Kwenye Kitambaa

Kokugonza alijifunza kudarizi akiwa msichana, kwa bibi mmoja wa misheni, Mjerumani, aliyekuwa akipita kati ya madawati na kuwagonga vidole waliovuta uzi kwa nguvu. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, yule bibi alichukuliwa pamoja na Wajerumani wenzake na hakurudi. Wasichana walibaki na sindano zao na mifano ileile: maua, misalaba, aya ya Biblia ndani ya duara. Wengi waliendelea na maua hayo mpaka walipoolewa, kisha wakaacha.

Yeye hakuacha. Alipoolewa na Gamaliel, mkulima wa kahawa upande wa Muleba, alianza kudarizi jiko. Kwenye kipande cha kitambaa cha amerikani alishona mafiga, chungu na moshi, halafu mkono wake ukaenda ulikotaka. Mkungu wa ndizi ukajitwika mtungi na kwenda kisimani. Visu vikakaa mkekani vikipiga soga huku ndizi zikijimenya zenyewe. Senene, wale panzi wa kuliwa, wakavaa kanzu nyeupe na kuingia chunguni mmojammoja, kwa utaratibu, kama watu wanaokwenda kubatizwa.

Mama mkwe wake, Kemilembe, ndiye aliyekuwa mwenye jiko hasa, lile la miti na udongo nyuma ya nyumba.

"Nani amewahi kuona mkungu unateka maji?" aliuliza.

"Hakuna, Mawe," Kokugonza alijibu, akimwita mama kwa Kihaya.

"Sasa wewe umeuona wapi?"

"Sijauona. Ningependa kuuona."

Kemilembe aliguna akarudi kwenye moto wake. Lakini mara kwa mara, alipodhani hakuna anayemtazama, alikuja kuinamia kile kitambaa, midomo ikimcheza kwa kicheko alichokuwa anakibana.

Asubuhi moja ya Novemba, mvua ikinyesha, Kokugonza alisikia kishindo jikoni. Alimkuta mama mkwe ameanguka ubavu, ndizi aliyokuwa akiimenya bado iko mkononi. Upande wa kulia wote ulikuwa umekufa. Mdomo ulikuwa umekwenda kombo, na humo hamkutoka neno.

Gamaliel alimtafutia lori la kahawa, wakamfikisha Bukoba mjini. Daktari alimpima kwa upole, akamwinua mkono, ukaanguka. Aliwaambia ni kiharusi, na kwamba hana dawa ya kuufufua upande uliokufa. Wampeleke nyumbani, wamgeuzegeuze asipate vidonda, wamlishe vitu laini.

"Na kusema, je?" Gamaliel aliuliza.

"Huenda akasema. Huenda asiseme."

Wakarudi naye.

Haukupita muda mrefu, Kemilembe akaanza kudai kitu. Aliinua mkono wa kushoto, akaelekeza kidole jikoni, na kooni ikatoka sauti moja tu: "Ku... ku..." Walimbeba wakampeleka jikoni. Akatikisa kichwa. Walimletea chungu, akatikisa kichwa. Kisu, ungo, kikapu cha maharage, jiwe la kusagia, hata kuku mzima: vyote akavikataa. Alipoona hawaelewi alikipiga kitanda kwa kiganja, kisha akalia kama mtoto, machozi yakiteremkia upande ule uliopinda bila yeye kuyahisi. Kesho yake akaanza upya. "Ku... ku..."

Gamaliel hakustahimili. Kila sauti ile ilipoanza, alishika panga akaenda shambani, hata kama hakuna cha kufyeka.

Hapo ndipo Kokugonza alipochukua kitambaa kipya. Safari hii hakushona mizaha. Alishona jiko la Kemilembe kama lilivyokuwa: mlango, mafiga, rundo la kuni, mtungi wa maji, majani ya migomba kwenye kona, nyasi zilizotandikwa sakafuni. Alipomaliza, alikitandaza juu ya magoti ya mama mkwe.

"Mawe, nionyeshe. Ni wapi?"

Kemilembe alikitazama sana. Kisha kidole cha kushoto kikatambaa juu ya nyuzi, kikapita mafiga, kikapita kuni, kikatua mahali patupu kati ya moto na ukuta wa nyuma.

"Hapa?"

Kichwa kikakubali. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, kilikubali.

Kokugonza alikimbia shambani kumwita mumewe. Gamaliel alidhani mama yake alikuwa amefukia kitu pale, labda shanga za bibi zake. Alichimba mpaka shimo likamfika kiunoni. Akapata majivu, vigae na mizizi ya mti uliokatwa zamani. Alivileta vyote kwa mama yake katika kikapu, uso umemjaa vumbi. Kemilembe aliangalia kikapu, akamwangalia mwanawe, akageuzia uso ukutani.

Siku hiyo Gamaliel alisema kwa hasira, "Usimwonyeshe tena hicho kitambaa. Unamchezea mama yangu."

"Simchezei. Namwuliza."

"Anakujibu nini?"

Kokugonza alikikunja kitambaa. Lakini hakuacha. Mahali pale patupu alishona paka. Kemilembe akakataa. Alifumua paka akashona kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi. Akakataa. Alishona mtoto mchanga, maana alisikia zamani kwamba Kemilembe alifiwa na binti kabla ya Gamaliel. Kemilembe alimgusa yule mtoto wa nyuzi, akamwacha, akatikisa kichwa taratibu. Kokugonza alimfumua yule mtoto, akajiona kama anafanya jambo baya.

Safari moja alimshona baba mkwe, marehemu Lwakatare, mwanamume aliyekuwa hata kizingiti cha jiko havuki. Alimkalisha mkekani, kisu mkononi, ndizi kwenye paja, na juu ya kichwa chake akamweka kuku akimfundisha kumenya. Kemilembe alipoona, alianza kutikisika. Kokugonza alidhani ni kifafa. Kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka akapaliwa, wakamwinua na kumpigapiga mgongoni, na hata Gamaliel aliyekuwa mlangoni akacheka huku akijifuta macho.

Kisha kicheko kikaisha. Kidole kikarudi palepale. "Ku... ku..."

Uzi uliletwa na Sada, mama mmoja kutoka Hamugembe, Bukoba mjini, aliyekuwa anakuja na lori siku za soko akiuza nyuzi na leso. Sada alipokuja na kuona kitambaa kilivyochakaa pale mahali pa kufumuliwa, alikaa chini kando ya kitanda.

"Mdogo wangu, pengine hata yeye hajui anachokitaka."

"Anajua, dada Sada. Mtazame macho."

Sada alimtazama mgonjwa, akainamisha kichwa. Alimwachia Kokugonza uzi mwekundu na wa kijani, akaenda zake.

Kokugonza alishona mvua ikivuja pale. Alishona dirisha. Alimshona Kemilembe mwenyewe akiwa msichana. Sauti ilizidi kuwa ndogo na mkono ukawa mzito, lakini kidole hakikubadili mahali. Mwishowe amerikani ikatoboka, akaweka kiraka, akaendelea kushona juu ya kiraka.

Kemilembe alifariki mchana, Kokugonza akiwa kisimani. Aliporudi na mtungi kichwani aliwakuta majirani wamekwisha kuingia. Alisimama uani, maji yakimchuruzika mabegani, hakujua autue wapi.

Kwenye msiba alikuja dada wa marehemu, Ephrasia, kutoka Maruku, mzee mwenye sauti nzito. Watu walipopungua, Kokugonza alimfuata na kitambaa, akampigia magoti.

"Mawe, alikuwa anaonyesha hapa. Wewe ulikua naye. Palikuwa na nini?"

Ephrasia alikisogeza karibu na macho yake, akakigeuza upande wa nyuma, akakirudisha.

"Sijui, mwanangu. Pengine hakuwa anasema habari za jiko kabisa. Mtu akipotewa na maneno hushika lolote lililo karibu."

Kisha akakunja kile kitambaa, akakiweka kwenye kikapu chake. "Hiki nitakaa nacho mimi. Ni dada yangu."

Kokugonza alifungua mdomo kukataa. Lakini aliyekaa mbele yake alikuwa mkubwa wa ukoo, na waombolezaji walikuwa wanatazama, na Gamaliel alikuwa ameinamisha kichwa. Alisema, "Ndiyo, Mawe," na kesho yake kitambaa kilikwenda Maruku.

Alikaa muda mrefu bila kushika sindano. Jiko sasa lilikuwa lake, na Gamaliel alikuwa amefukia shimo, akalishindilia vizuri hata huwezi kulijua. Mvua za masika zilipoanza, alimwomba Sada amletee amerikani nyingine, akakaa mlangoni ili alishone jiko lile upya kwa kukumbuka. Mafiga yalikuja, kuni zikaja, mtungi ukaja. Alipofika nyuma ya moto alisimamisha sindano. Aliinua kidole chake cha kushoto akakishusha juu ya kitambaa, akakisogeza kidogo kuelekea ukutani, akakirudisha, akakisogeza tena. Hakuwa na hakika tena palikuwa wapi hasa.

Alikaa hivyo mpaka Gamaliel alipomwita akisema moto unazimika.