Ubeti wa Mwisho wa Shangazi

Hadi leo mtu akimsifu marehemu baba kwa ushairi, damu hunichemka. Baba hakuwahi kutunga hata mstari. Mtunzi alikuwa dadake, shangazi yangu, aliyekanda unga wa mahamri pale Malindi huku midomo ikihesabu mizani. Kwetu mtunzi hujitaja ubeti wa mwisho. Baba aliufuta huo tu, akajiweka yeye, akapanda jukwaani. Eti sauti ya mwanamke haifai kwenye kipaza sauti. Ebo! Maneno yake yafaa, sauti ndiyo haramu?

Miaka hiyo ya themanini nilikuwa darasa la saba, na baba alikwisha kubali posa yangu kutoka Mambrui. Nilimlilia shangazi kwamba nataka kusoma. Akaendelea kukanda unga wake. Nilimkasirikia, nikaona naye ni wale wale.

Asubuhi ya sikukuu baba alikuja kudai shairi kama mtu anayedai chai yake. Shangazi alimchelewesha mpaka ngoma zikaanza kulia uwanjani, ndipo akampa karatasi. Baba akatupia jicho ubeti wa mwisho, akatabasamu, akatoka mbio.

Akaghani kwa madaha mbele ya wakubwa. Ubeti wa kwanza ukaishia: "Mwanangu sitamuoza, hadi shule amalize." Akasita. Lakini kibwagizo, hata kikiandikwa ubeti wa kwanza tu, hurudi kila ubeti, na watu wetu wakishakipenda hawamngoji mghani. Kufikia ubeti wa tatu uwanja mzima ulikuwa ukimwitikia, na wazee wa posa wameketi mbele wanamtazama.

Waliondoka bila kuaga. Nyumbani baba alimfokea dadake kwamba amemuaibisha.

"Maji umeyavulia nguo, kakangu," shangazi akamwambia. "Yaoge."

Basi nikasoma. Na baba, bila haya, akawa mtetezi wa wasichana, akaalikwa hadi Kilifi kughani lile lile. Hata matangani kwake lilighaniwa, jina lake mwishoni, na shangazi yuko jikoni anachochea moto. Nilishindwa kuvumilia. Nikamfuata, nikamtaka anipe ule ubeti wake wa mwisho, nikaurudishe mbele za watu.

Akasema safari ile haukuwapo. Jina la baba aliliandika shangazi mwenyewe, kwa mkono wake.

"Kiapo kingekuwa na jina langu," akaniambia, "kingemfunga nani?"