Ijumaa Wanaume Walipobeba Vyungu

Nikinusa maganda ya kahawa yaliyoanza kuchacha, hata niwe wapi, narudi Matiri nikiwa na miaka tisa. Baba alikuwa bwana shamba, mtu wa Tanga aliyepangiwa kazi kwenye milima ya Umatengo, na msimu wa kahawa harufu ile ilituingilia mpaka kwenye mablanketi. Mama aliichukia. Mimi niliipenda, na bado naipenda, mnisamehe.

Waislamu tulikuwa wachache: sisi, mwalimu mmoja, muuguzi wa zahanati na familia zao. Msikiti wetu ulikuwa chumba cha matofali ya kuchoma, na baba ndiye aliyeswalisha. Ijumaa moja, katikati ya swala, mawe yakaanza kunyesha juu ya bati. Dirisha likavunjika, mwalimu akapasuka paji la uso. Kulikuwa na uvumi kwamba wageni wa serikalini tukishajenga msikiti tutamega na mashamba ya kahawa. Sisi, ambao hata mchicha ulitushinda!

Mama alitaka tuombe uhamisho siku ileile. Baba akamjibu, "Mama Zaina, Ijumaa nitaswalisha. Nikiufunga mlango huu leo, nani ataufungua?" Nikamwona shujaa. Sikuzingatia kwamba wiki nzima hakumaliza sahani ya chakula.

Siku mbili baadaye akaja jirani yetu, Mama Osmunda, mwanakwaya wa kanisani mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde.

"Bwana Shamba, Ijumaa tunakula sengu pale msikitini kwenu."

Sengu ni desturi ya Wamatengo: ukoo mzima hukusanya chakula mahali pamoja, watu wakala na kuzungumza mambo yao. Baba akashangaa. "Si huliwa nyumbani kwa babu?"

"Babu tutamleta. Nguruwe tutamwacha nyumbani, usihofu."

Ijumaa tuliswali huku tumetega masikio. Hakuna kilichogusa bati. Tulipotoka, uwanja ulikuwa umejaa watu, na wanaume ndio waliokuwa wakileta vyungu! Umatengoni chakula cha sengu huletwa na wanawake, wanaume huketi na kusubiri. Siku ile mume wa Mama Osmunda, mtu mzima mwenye koti, alijitwika chungu cha maharage, mchuzi ukimtiririka shingoni. Nilicheka mpaka mama akanifinya. Baba akasogea mkekani, mwenye chungu akaketi kando yake, wakamega ugali mmoja. Baba alikula mpaka akalamba vidole. Wakaja hivyo kila Ijumaa hadi kahawa ikaisha kuvunwa, na habari ya uhamisho ikafa yenyewe.

Mwaka juzi nilirudi kumwamkia Mama Osmunda. Baada ya shikamoo na vicheko, nikamuuliza kwa nini siku ile waliwabebesha wanaume.

"Mwanangu, mume wangu alirudi Ijumaa ile ya mawe hataki kunitazama usoni. Na wenzangu nao walikuwa na wa kwao. Tukasema, haohao wabebe."

Kumbe ndio waliotupiga! Nikamuuliza kama baba alijua.

"Alijua. Aliangaliana na mume wangu macho kwa macho pale dirishani. Polisi walipouliza, baba yako alisema hakumtambua mtu. Hukumwona alivyompisha mkekani?"

Nilimwona, ndugu zangu. Nilidhani anakwepa mchuzi.