Gemu Zilizofungwa Kufuli

Mnisamehe kwanza mwandiko. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu naishika mara chache, kuandika jina la mteja kwenye gunia la mahindi pale kinu cha kusaga ninakofanya kazi. Herufi zangu zinalala upande, na nyingine huenda nimeziacha njiani. Naandika polepole, na vidole vikishikwa na baridi ya huku kwetu ndiyo kabisa. Atakayeweza kusoma asome hivyohivyo, kwa sababu nina jambo la kuuliza na huku sijapata wa kunijibu.

Mimi ni mtu wa aibu. Nyumbani kwetu, upande wa Kaengesa, mgeni akija mama humwambia, "Huyu hasemi, wewe msalimie tu upite." Hapo tunazungumza Kifipa, lugha yangu mwenyewe. Nilipokuja mjini, mtaa wa Majengo, kufanya kazi ikawa mbaya zaidi. Kiswahili changu kina lafudhi ya shambani, na vijana wa mjini wakisikia neno moja tu wanaanza kuliigiza. Nikajifunza kunyamaza. Kuna wiki zilipita bila kusema chochote zaidi ya "lete gunia" na "bado kidogo".

Jirani na kinu kuna duka la spea za pikipiki. Mwenye duka ni mtu mzima, sisi wote tunamwita Baba. Nyuma ya duka lake alijenga chumba cha mabati, akaweka mabenchi, televisheni na mashine ya gemu. Hicho ndicho kibanda cha gemu, na hapo tunacheza mpira. Kina utaratibu wake ambao sijausikia pengine: ukifungwa, kabla hujainuka kwenye benchi, unamwamkia aliyekufunga. Unasema shikamoo, hata kama umemzidi umri, na yeye lazima aitikie. Asiyetaka kuamkia hachezi tena siku hiyo.

Siku yangu ya kwanza nilisimama tu mlangoni, vumbi la unga limenijaa kwenye nyusi. Mwanafunzi mmoja wa sekondari, amevaa sweta la shule, alikuwa ameshawafunga wote. Akaniona.

"Na wewe bubu, unacheza?"

Nikakaa, nikapokea padi ya kuchezea. Nilikuwa nimejifunza kwenye simu ya binamu yangu, kwa hiyo vidole vilijua. Nilimfunga mabao matatu. Mmoja wa waliokaa kwenye benchi akamwambia, "Haya, mshikaji, toa salamu."

"Kwa huyu? Mbeba magunia?"

"Magunia ndiyo yamekufunga. Salimia tuendelee."

Akasema shikamoo huku anaangalia ukuta. Ikabidi nijibu. Nikasema "marahaba", kwa lafudhi yangu ileile, na hakuna aliyecheka. Walikuwa wanagombania nani afuate.

Kuanzia hapo nilikuwa na watu. Nilitaniwa, nami nikatania. Kuna jamaa niliyekuwa namwambia mabeki wake wameenda kuchota maji, na kibanda kizima kinacheka, wanamcheka yeye lakini kwa maneno yangu. Sijui kama mtu asiye na aibu anaweza kuelewa hilo ni jambo kubwa kiasi gani. Naomba aamini tu.

Sasa niseme ninavyowaona wanaotengeneza gemu. Wana akili, sikatai. Lakini sidhani kama wanajua tupo. Baba alikuwa na gemu moja ya kilimo, na nilimwonyesha baba yangu mzazi alipokuja mjini kuuza ulezi. Akaangalia trekta likilima shamba zima na mwenye shamba hajatoka jasho. Akauliza, "Nyasi wanazifukia wapi?" Kwetu nyasi zinafukiwa chini ya vilima vidogo vya udongo, tunaviita ntumba, zinaoza ndipo unapanda. Nikamwambia humo hakuna ntumba. Akasema, "Basi hao hawajalima," akaenda zake stendi. Mimi nilibaki nikiwaza kwamba mtu aliyeweza kuchora kila nati ya trekta angeweza kumwuliza mkulima mmoja wa huku.

Na gemu ya mpira wanaitoa kila mwaka. Jezi mpya, nywele mpya, mpira uleule. Ya mwaka jana inafanywa ionekane takataka. Halafu kila kitu kinataka intaneti, bando linaisha kabla mstari wa kupakua haujafika nusu. Sisi tunacheza gemu za kunakiliwa, kwenye mashine ambayo fundi aliifungua ili izipokee. Najua si halali. Lakini katika mji wetu sijaona duka linalouza za halali, na hata lingekuwepo, mshahara wa kubeba magunia haufiki huko.

Mashabiki ndio wanaoniumiza zaidi. Niliwahi kuingia kwenye kundi la wapenda gemu kwenye simu. Nilidhani nitapata marafiki. Nilikuta watu wanatukanana kuhusu mashine ya nani ni bora, utafikiri wamezaliwa nazo tumbo moja. Nikaandika swali, nikaligeuza sana kichwani kabla ya kulituma. Niliuliza kama kuna mwingine anayecheza gemu ya zamani kama yetu. Aliyejibu kwanza aliandika, "Masikini kalimeni, gemu tuachieni sisi." Wengine wakaweka vicheko. Nikatoka kwenye kundi. Nililima tangu nikiwa mdogo, sikujua ni tusi.

Ugonjwa huo wa kutaka vipya ukafika mpaka kibandani. Wachezaji wakaanza kumsumbua Baba.

"Baba, huyu mshambuliaji alishastaafu, bado tunamchezesha?"

"Mwache apate riziki," Baba akajibu.

"Mitaa mingine wana usajili mpya. Tutahamia huko."

Wakasema hivyo kila siku. Ijumaa moja, Baba aliporudi msikitini bado na kanzu, akaitoa simu yake, akairushia mashine intaneti ili usajili mpya uingie. Sote tulifurahi, hata mimi. Ikatokea karatasi ya maneno ya Kiingereza kwenye kioo. Baba akauliza inasemaje. Mmoja akasema, "Inaomba ruhusa tu. Kubali." Benchi zima likaitikia, "Kubali, Baba." Akakubali. Mstari ukatembea, mashine ikajizima, ikajiwasha. Kila gemu ilikuwa pale kwa picha yake, na juu ya kila picha kuna kufuli dogo. Unabonyeza, haifunguki. Ile ya mpira, ile ya kilimo, zote.

Hakuna aliyejua kwamba mashine ya namna ile haitakiwi kukutana na walioitengeneza. Fundi aliyeifungua alishahamia mkoa mwingine na namba yake haipatikani. Fundi wa hapa mjini aliigeuza juu chini, akasema, "Hii imeshapanda toleo jipya, kuirudisha ilikokuwa siwezi, na sijui anayeweza." Wale waliokuwa wanadai usajili mpya kweli wakahamia mitaa mingine. Nilikwenda huko mara moja. Huko hakuna utaratibu wa kuamkiana, na mlangoni wakaniuliza, "Wewe nani amekuita?" Nikarudi.

Sasa Baba anataka kubomoa chumba kile mwisho wa mwezi aweke matairi. Simlaumu, ana familia. Nilimwendea nikiwa nimepanga maneno tangu asubuhi, nikaweza kusema, "Baba, subiri kidogo."

"Nisubiri nini, mwanangu?"

Nikamwonyesha ile mashine kwa kidole. Akanitazama, akasema, "Ukipata mtu wa kuitengeneza kabla ya matairi kufika, chumba ni chako na wenzako. Usipopata, usinichukie."

Bado mabenchi yapo. Mchana nikipumzika nakaa humo peke yangu na televisheni imezimwa, nakula ugali wangu. Juzi mteja wa kinu aliniuliza jambo, nikakuta nimeanza tena kujibu kwa kichwa. Naogopa. Najiona narudi kule nilikokuwa, na safari hii sioni mlango wa kutokea.

Kwa hiyo nauliza. Kama wewe unayesoma unajua namna ya kuondoa yale makufuli, niandikie. Kama unafahamu fundi, hata awe mbali, nitampelekea mashine kwa basi, Baba ameniruhusu. Kama unafanya kazi kwa hao wanaotengeneza gemu, niambie tu kama kulikuwa na sababu ya kuzifunga hata za zamani, ambazo hamziuzi tena. Na kama unajua kwamba haiwezekani kabisa, niandikie hivyo pia, nijue. Anwani ya kinu nimemwachia mchapishaji. Andikeni Kiswahili cha kawaida, kwa herufi kubwa, maana kusoma kwangu ni kama kuandika kwangu. Nitajibu kila barua. Nitachelewa, lakini nitajibu.