Bibi Alipoomba Radhi kwa Kiingereza

Kazi yangu ni kuomba radhi kwa Kiingereza. Kwenye mkataba wameandika mapokezi, lakini nyumba ya wageni ninayofanyia kazi hapa Tabora maji yake hukatika mtu akiwa ameshajipaka sabuni, na anayepigiwa simu ni mimi. Nimeshaomba radhi kwa ajili ya maji, umeme, jogoo wa jirani, na hata treni iliyochelewa, ambayo si yetu. Kwa hiyo bibi yangu alipomliza mchumba wa kaka, nyumba nzima ilinigeukia mimi.

Kaka alikuwa anasoma Uingereza, akampata binti wa hukohuko, akamleta kwetu, mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora, ili bibi amwone kabla ya ndoa. Bibi ndiye aliyemlea kaka, na siku hiyo aliwasubiri barazani tangu asubuhi. Binti alipiga goti, akasema shikamoo kama alivyofundishwa, na bibi akaitikia marahaba huku akimkagua juu mpaka chini.

“Kumbe ndiye huyu mwizi wa mume wangu! Na vimiguu hivyo, ndoo ya maji atainua na nini? Mwambieni arudi kwao, mume ana mke tayari.”

Tukaangua kicheko. Kwetu Wanyamwezi bibi ni mtani wa wajukuu zake. Mjukuu wa kiume ni mume wake, na anayeolewa naye ni mke mwenza, wa kutukanwa mpaka azoee. Bibi asipokutukana, jiulize umemkosea nini. Kaka naye, kwa kucheka kwake, akatafsiri neno kwa neno mpaka vimiguu. Kwamba ni utani alikumbuka kueleza baadaye, wifi yangu mtarajiwa akiwa chumbani analia na sanduku liko wazi kitandani.

Alielezwa, akasema ameelewa. Lakini ameitwa mwizi mbele ya watu, na kwao hata mzaha ukimuumiza mtu, unaombewa radhi. Asipoombwa, kesho anapanda treni kurudi Dar. Kaka akasema huyu akiondoka, naye anaondoka. Bibi aliposikia hivyo alikunja mikono mapajani. Nilimwonea huruma sana, maana kwa umri wake hakuwa na uhakika wa kumwona kaka tena.

“Haya,” akasema. “Kwa Kiingereza watu wanaombaje?”

Tukakaa kikao. Shangazi alisema sorry inatosha, kila mtu anaijua. Nikapinga. Tangu afike, wifi alikuwa amesema sorry kwa mlango aliojigonga, kwa mbuzi aliyemzibia njia, na kwangu mimi nilipomkanyaga. Neno analopewa mbuzi, bibi yangu hawezi kulitumia. Mjomba, ambaye ni mzee wa kanisa, alitaka bibi aungame dhambi kwanza, na alikuwa anaijua sala nzima ya toba kwa Kiingereza. Shangazi akamjibu kwamba bibi hajaua mtu. Kaka akapendekeza aseme amekosa na hatarudia tena.

“Nisirudie?” bibi akang'aka. “Kesho nikikutana naye nimwambie nini sasa?”

Basi nikatoa ile ya kazini, ya siku maji yakikatika kutwa nzima: tunasikitika sana kwa usumbufu uliojitokeza, na tunathamini uvumilivu wako. Kwa Kiingereza inateremka vizuri mno, na haijawahi kuniangusha. Nikamfundisha bibi kipande kwa kipande huku anachambua mchicha, naye akaishika upesi.

Alivaa kitenge kipya, akasimama mlangoni pa chumba, mikono nyuma kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi, akaimwaga yote bila kukosea. Wifi akalia upya, akamkumbatia, na sanduku likarudi uvunguni. Jioni hiyo nilitembea kifua mbele.

Kesho yake bibi akaagiza tuazime kwa jirani kiti chenye mto. Wifi akisogelea jiko, anarudishwa kitini. Chai yake ililetwa kwenye kikombe cha kabatini. Bibi alimsalimia kwa adabu, akamuuliza kama amelala salama, basi. Saa hizohizo akaingia mke wa binamu yangu, akaitwa mvivu, mlafi, mpishi aliyefundishwa na fisi, naye akajibu mapigo, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wifi aliwatazama kutoka kitini, peke yake na kikombe chake.

Akaniita pembeni, akaniuliza kwa Kiingereza, “Bibi bado amenikasirikia?”

“Hapana. Ameshakuomba radhi. Sasa wewe ni mgeni wetu.”

“Na yule?”

“Yule ni wa nyumbani.”

Machozi yakamlengalenga. Akaniuliza sasa yeye aombe radhi vipi, kwa maneno gani. Kiingereza changu chote ni cha kumridhisha mgeni ili abaki kuwa mgeni. Nikamwambia tu kwamba mtani haombwi radhi, anachokozwa.

Mchana kulikuwa na kuku. Firigisi kwetu ni ya bibi, na tangu babu afariki hakuna aliyethubutu hata kuiulizia. Alikuwa ameiweka ukingoni mwa sahani aimalizie mwisho. Wifi akainuka kitini, akaja mpaka mkekani, akaichukua na kuitia mdomoni.

Mjomba aliacha kutafuna. Kaka akafumba macho. Mimi nilikuwa tayari natafuta sentensi ya kuomba radhi.

Bibi aliitazama sahani, akamtazama mtu.

“Mwizi!” Sauti ilifika mpaka barabarani. “Mume hakukutosha, umehamia kwenye firigisi? Na vijino hivyo, utaitafuna mpaka Jumapili!”

Akamvuta mkono, akamkalisha ubavuni kwake, anacheka huku anajifuta machozi kwa pindo la kitenge. Wifi, mdomo umejaa, akaniuliza bibi amesema nini. Nikamtafsiria neno kwa neno, mpaka vijino, naye akacheka karibu apaliwe.

Ndipo bibi akakiona kile kiti cha kuazima.

“Kirudisheni kwa wenyewe,” akasema. “Hapa hakuna mgeni.”