Sidii Iliyotundikwa Kwenye Dungu

Mdomo huponza kichwa, lakini wangu ulimponza baba yangu. Deki yetu iliungua kwa umeme wa kukatika na kurudi, nami nikajifanya fundi. Nikaunganisha kompyuta yangu na televisheni hapa nyumbani Mtendeni, nikaweka programu ya kuchezea filamu, nikachomeka kisomeo cha sidii pembeni. Ya kwanza kuingizwa ilikuwa sidii ya sendofu yangu, sherehe ya kuniaga kabla ya ndoa, kwa sababu humo marehemu mama anaongea, na sauti yake hatuna mahali pengine popote. Baba alisogeza kiti karibu na skrini, kofia mapajani. Programu ikaandika kwamba haisomeki. Nikajaribu mara tatu.

"Imekufa, baba," nikamwambia, kavu kavu, kama daktari asiye na adabu.

Mzee akafuta macho kwa kofia yake, akaenda kulala mapema.

Baba hatupi kitu. Mpunga ulipoanza kukomaa alikusanya sidii zote za nyumba hii akaenda kuzitundika shambani kwake Itetemia, zimeremete juani na kutisha ndege, kama wafanyavyo wenzake wote kule. Sikumzuia. Ningemzuiaje, na mimi ndiye niliyesema ile ya sendofu imekufa?

Wiki mbili baadaye, nikisoma mambo mengine kabisa kwenye simu, nikakuta maelezo ya programu ile ile. Toleo jipya haliji na uwezo wa kusoma sidii. Mwenye kutaka anaongeza kipande chake mwenyewe. Sidii ilikuwa nzima siku zote, na kwa ujuaji wangu mama alikuwa nje, anapigwa jua na vumbi.

Sikumwambia baba. Niliogopa, nasema kweli. Ana presha, na kifo kile kilishamwinamisha. Nikimpa tumaini halafu sidii igome, ningemzika mkewe mara ya pili mbele ya macho yake. Nikasubiri asubuhi aliyokwenda kliniki, nikapanda bodaboda hadi shambani, nikanyata kwenye majaruba ya mpunga kama mwizi.

Kwenye uzi zilikotundikwa sidii nyingine haikuwepo. Nilikagua zote, moja moja. Nikaikuta kwenye dungu, kile kichanja anachokalia baba kuamia ndege, imefungwa kwa kipande cha kanga juu ya mahali anapoegemeza kichwa. Mwandiko wa mpiga video bado ulisomeka. Nikasimama pale nikalia kidogo, kisha nikaifungua nikaondoka nayo.

Nyumbani niliigeuza kwenye mwanga, ikawa mikwaruzo mitupu. Jirani akaniambia niisugue kwa dawa ya meno, ndivyo watu wanavyofanya. Nikaogopa hata hilo. Niliifuta kwa pamba na maji, kutoka katikati kwenda nje. Nikaongeza kile kipande cha programu, nikaiingiza.

Ikaanza kukwaruza kama jiwe la kusagia. Menyu ikatokea. Nikaruka moja kwa moja hadi kwenye nasaha za wazazi. Mama akainuka kwenye kiti chake, akashika maiki, akafungua mdomo, picha ikaganda. Kisomeo kikawa kinalia tu, na mimi sikuthubutu kugusa kitu. Nilihofia nikiitoa haitasoma tena, nikiiacha itapasuka humo ndani.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Baba alikuwa ametoka kliniki akapitia shambani. Gambuti zake zimejaa matope, anahema, kiganja kifuani.

"Mwanangu," akasema, "mama yako kaibwa. Nimetafuta dungu zima, nimetafuta mpaka kwenye maji. Hayupo."

Nikataka kusema ni mimi. Lile nililolikimbia tangu asubuhi ndilo lilikuwa limesimama mlangoni, midomo imemkauka, na nyuma yangu mama ameganda na maiki yake. Nilidhani baba ataanguka. Nikamwomba Mungu sidii ile icheze, au izimike kabla hajaiona.

Kisomeo kikanyamaza, kikakwaruza tena.

"Baba watoto," mama akasema, "hebu kaa basi, unawaziba wenzio."

Watu wakacheka kule kwenye turubai la sendofu. Baba akavua kofia, akakaa chini pale pale kizingitini, na matope yake.